Kusomea Mitandao Nyumba Moja na Mama Mkwe

Mwaka nilioamua kufanya mtihani mkubwa wa mitandao ya kompyuta ndio mwaka ambao mama mkwe alikuja kwetu Goba kutibiwa goti. Alisema angekaa wiki chache tu. Mume wangu, ambaye anamfahamu mama yake kuliko mtu yeyote, siku hiyohiyo alikwenda kununua godoro jipya.

Mie ni fundi wa mitandao. Kampuni ninayofanyia kazi inapeleka intaneti maofisini, na mtandao ukikatika mahali, mmoja wa wanaopigiwa simu ni mimi. Mtaani kwetu kazi hii haieleweki vizuri. Majirani wanajua tu kwamba yule dada wa geti la bluu anafanya "mambo ya intaneti", na kwa sababu hiyo nimeshaletewa simu zilizotumbukia kwenye ndoo, king'amuzi kilichopigwa na radi, na siku moja, pasi. "Si vyote vya umeme?" aliniuliza mwenye pasi. Nikaitengeneza.

Vyeti vya mwanzo vya kazi hii nilivipata nikiwa bado kwetu Temeke, sijaolewa, nikirudi kazini nakuta wali umeshapakuliwa na kufunikwa kawa. Kilichobaki kilikuwa cheti cha juu, kile ambacho watu hukisomea muda mrefu na wengine huacha katikati wakafungua duka la kava za simu. Nilipoanza kukisomea nilikuwa na mume, binti mdogo anayeuliza "kwa nini" kabla hujafika "kwa sababu", na nyumba juu ya kilima cha Goba ambacho maji ya bomba hukipanda yakijisikia.

Kwa mtihani ule vitabu peke yake havitoshi, lazima ushike vifaa. Nikanunua ruta na swichi kuukuu kutoka kwa jamaa mmoja wa Buguruni anayeuza mitambo iliyotolewa maofisini: masanduku bapa ya chuma ya kuunganishia mitandao, yenye taa ndogo za kijani na feni zinazovuma. Nikayapanga sebuleni karibu na televisheni, maana ndiko kulikokuwa na soketi za kutosha. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari huko Kimara, mtu mpole asiyependa makuu. Aliyatazama akasema tu, "Kumbe tumepata wapangaji."

Mama mkwe alifika kutoka Njombe na kikapu cha maparachichi na koti zito ambalo Dar es Salaam haikumwomba alilete. Aliketi, akanyoosha goti, akasikiliza.

"Shikamoo mama. Pole na safari."

"Marahaba mwanangu. Hii mashine inasaga nini?"

"Haisagi kitu, mama. Inapeleka taarifa."

"Inazipeleka wapi?"

Nikamwonyesha sanduku la pili, lililokuwa limelala juu ya lile la kwanza. Mama mkwe akautazama umbali ule, usiozidi kiganja cha mkono.

"Hapo tu? Na kelele zote hizi?"

Mume wangu alikwenda jikoni ghafla, akidai kuna kitu kinaungua. Hakukuwa na kitu jikoni. Alikwenda kucheka.

Haikupita wiki, nikarudi kazini nikakuta masanduku yangu yamevishwa vitambaa vyeupe vya kufuma, kama alivyokwisha kuivisha televisheni, makochi na jagi la maji. Yalikuwa yamezimika kwa joto. "Vitu vya sebuleni havikai uchi," akanieleza. Nikamwambia kwamba yanapumulia mbele, yakizibwa yanakufa. Hakubisha. Aliomba rula, akapima. Baada ya siku chache nikakuta vitambaa vipya, kila kimoja kimefumwa na uwazi wa mstatili mahali feni zilipo. "Dirisha," akasema. Nilipiga picha nikawatumia wenzangu kazini. Bosi wangu, ambaye huwa hajibu ujumbe wa mtu, aliuliza kama mama anapokea oda.

Kusoma kwenyewe kulikuwa kwa vipande vipande. Kipande wakati binti anaoga, kipande wakati maharage yanachemka, kipande ndani ya choo, ambacho ndicho chumba pekee nyumbani kwetu chenye komeo la kuaminika. Binti yangu alijua kutamka "anwani ya ai-pii", ile ya kompyuta, kabla hajajua anwani ya nyumba yetu. Mara kwa mara nilikuwa nasahau sufuria jikoni, na mama mkwe, ambaye hata mchuzi wa nazi usioungua alikuwa na mashaka nao, akiletewa sahani huinusa na kuuliza, "Leo tunakula somo gani?"

Na mambo ya watu hayasubiri. Katikati ya yote kukatokea msiba Temeke, wa jirani yetu wa miaka mingi, mtu aliyeniona nikizaliwa. Nikaenda. Nilikaa mkekani na kina mama, nimejitanda kanga, na chini ya kanga, kwenye sikio moja, nilikuwa nimechomeka hedifoni ndogo. Somo la siku ile lilihusu namna ruta zinavyochagua njia ya kupitisha taarifa, na kila nikielewa jambo nilikuwa natikisa kichwa taratibu. Bibi mmoja aliyeketi karibu yangu akaniona.

"Unasikiliza mawaidha, mwanangu?"

Kabla sijajibu alishanyoosha mkono, na mkono wa mtu mzima msibani haukataliwi. Akaiweka sikioni, akafumba macho, akamsikiliza mwalimu wa Kihindi akiongea Kiingereza cha mbio.

"Anasemaje?"

"Anasema... kila njia ina gharama yake, bibi."

"Haya."

"Na njia moja ikifungwa, majirani wanapashana habari wapate nyingine."

Bibi akachukua ncha ya kanga akafuta machozi. "Kweli kabisa," akasema. Hakunirudishia hedifoni mpaka pilau ilipoletwa.

Huko nyumbani mama mkwe alikuwa ananichunguza. Alifundisha shule ya msingi maisha yake yote, na kustaafu kulikuwa kumefika kwenye makaratasi tu, rohoni hakukufika. Nilikuwa na kadi nilizoandika maswali mbele na majibu nyuma, zimezagaa kila mahali, nyingine zimeshikwa na sumaku kwenye friji. Jioni moja akazikusanya zote.

"Maswali haya anakuuliza nani?"

"Najiuliza mwenyewe, mama."

"Na majibu anayasahihisha nani?"

"Mimi."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa anayejichoma sindano mwenyewe. Kuanzia jioni ile kadi zikawa mali yake. Tukishakula, anavaa miwani, anashika kalamu nyekundu, anasema, "Simama ujibu."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Nilisimama katikati ya sebule yangu, mtu mzima mwenye mume na mtoto, mikono nyuma. Alisoma swali kwa Kiingereza cha ubaoni, kila neno limenyooka, bila kuelewa hata moja kati ya yale ya kiufundi, kisha akageuza kadi na kufuatilia jibu langu kwa kidole.

"Umekosa."

"Mama, nimesema jambo lilelile kwa maneno mengine."

"Sikukuuliza maneno mengine."

Mume wangu alicheka kwenye kochi. Akaambiwa naye asimame, kwa kuchekelea mwenzake. Nilipopata, familia nzima ilitakiwa kunipigia makofi, na binti yangu, aliyeyapenda makofi kuliko mimi, alianza kuomba mama asome zaidi. Halafu mama mkwe akagundua kitu ambacho sikuwa nimekikiri hata kwa nafsi yangu: kulikuwa na kadi ambazo kila zikikaribia, nilikuwa nakumbuka kwamba nguo ziko kwenye kamba. Zilikuwa za sehemu inayohusu namna mitandao mikubwa ya dunia inavyoelezana njia, sehemu ngumu kuliko zote. Akazitoa, akazifunga kwa mpira, akaziweka juu ya nyingine. "Hizi unazozikimbia," akasema, "ndizo tutaanza nazo kila siku." Nguo zikawa zinaanuliwa na mume wangu.

Siku ya mtihani ikakaribia. Siku hizi unaruhusiwa kuufanyia nyumbani, mbele ya kompyuta, huku msimamizi aliye nchi ya mbali akikutazama kwa kamera. Masharti yake ni makali: uwe peke yako chumbani, mlango ufungwe, asiingie mtu, usiongee, usitazame pembeni. Niliwakalisha wote sebuleni nikawaeleza. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo msimamizi anasimamia akiwa kwao?"

"Ndiyo, mama."

"Na chai anapewa na nani?"

"Hapewi, mama. Yuko mbali."

Akaitazama chupa ya chai. Kule kwao, alikuja kuniambia baadaye, msimamizi wa mtihani alikuwa anachinjiwa kuku.

Ikawa Jumamosi asubuhi. Mume wangu alimchukua binti wakaenda kwa rafiki yake Kimara. Mama mkwe, kwa ajili ya goti, akabaki, na akajipa kazi ya ulinzi. Aliweka kiti barazani. Nikiwa chumbani, nimeshajionyesha kwa kamera mimi na kuta zote nne, nilimsikia akimrudisha muuza mchicha. Nikamsikia akimwagiza kijana wa jirani azime muziki wake wa singeli: "Zima hicho! Humu ndani watu wako kwenye mtihani wa taifa." Singeli ikazimwa. Hata nyundo za nyumba inayojengwa kwa chini zikanyamaza, na mpaka leo sijui aliwaambia nini wale mafundi.

Nilikuwa naenda vizuri. Nimepita nusu, mkono umetulia. Ndipo mama mkwe, kwa hesabu zake mwenyewe, akaona nimekaa mno bila kitu tumboni. Mlango ukafunguka. Sikugeuka, maana kugeuka ni kosa, lakini kwenye kioo cha kompyuta niliona sinia linaingia, juu yake chupa ya chai na vikombe viwili. Viwili.

Aliweka sinia mezani. Akainama mpaka uso wake ukajaa kwenye kamera. Kwa Kiingereza kile cha ubaoni akamtakia msimamizi asubuhi njema, akamuuliza afya yake na hali ya hewa ya huko aliko, akajitambulisha kuwa ni mama. Nilikuwa nimekazia macho swali. Halafu akaongeza, bado kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini ya mtu anayeombea mtoto, kwamba huyu binti amesoma sana, tena kwa taabu, basi naomba umsaidie kidogo.

Maswali yakatoweka. Yakatokea maandishi mekundu kwamba kuna mtu mwingine chumbani, mtihani umefungwa.

"Ameitikia?" mama mkwe akauliza, akimimina chai.

"Amefunga mtihani, mama."

Mkono wake ukasimama hewani na chupa.

Mama mkwe hafokewi. Nilitoka uani nikaanza kufua mapazia, ambayo yalikuwa masafi. Niliyafua kama yamenikosea. Ndani nilisikia mlango wa chumba chake ukifungwa, kisha zipu ya begi. Mume wangu aliporudi alikuta mke anakamua mapazia na mama anakunja koti la Njombe. Alikuja kwangu, nikamwambia niko sawa. Alikwenda kwa mama yake, akaambiwa yuko sawa. Akasimama kwenye korido, akafikiri, akaenda kukaanga mayai. Tulikula mayai yale kila mtu kivyake.

Jioni mama mkwe akatoka. Alikaa kwenye kochi mbele yangu, bila miwani.

"Mimi nimesimamia mitihani ya darasa la saba miaka mingi," akaanza. "Kuna mwaka mzazi mmoja aliingia darasani kwangu na beseni la maandazi, anamwombea mwanawe. Nilimtoa nje, yeye na maandazi yake. Mtoto akalia, sikumtazama." Akanyoosha goti. "Yule mtu wa kwenye kamera amefanya sawasawa. Ningekuwa mimi, ningekufungia mapema zaidi. Yeye amesubiri mpaka nimemaliza kusalimia."

Kicheko kilinitoka bila ruhusa yangu. Yeye hakucheka.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikuona umekaa muda wote ule huna hata maji."

Hapo ndipo nilipolia, na haikuwa kwa ajili ya mtihani. Mama yangu mzazi alikuwa Temeke, ananipigia simu na kuniombea dua, lakini huyu mwanamke wa milimani, ambaye nilikuwa nahesabu goti lake litapona lini, ndiye aliyekuwa amekaa barazani asubuhi nzima akipigana na mtaa mzima kwa ajili yangu. Nikamwambia hana kosa. Akasema kosa analo, na nisimwongopee mwalimu. Kisha akavaa miwani.

"Leta zile kadi. Simama."

Niliwaandikia wenye mtihani nikaeleza yaliyotokea, nikaacha habari ya kuombewa msaada, maana hiyo walishaisikia wenyewe. Wakakubali nirudie baada ya muda, ila safari hii kwenye kituo cha mitihani mjini. Mama mkwe akasema atanisindikiza. Goti lilikuwa limeshapona kabisa, na daktari alishamwambia hivyo, lakini habari hiyo ilikuwa bado haijatangazwa rasmi nyumbani kwetu.

Tulikwenda na gari ya kuazima, mume wangu akiendesha kana kwamba amebeba mayai. Mama mkwe alivaa gauni la kanisani. Pale mapokezi alimtazama msimamizi akinikagua mifuko, akinivua hereni, akikunjua mikono ya blauzi yangu. Nilidhani atachukia. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyu anaijua kazi," akamnong'oneza mwanawe. "Hacheki." Dada wa mapokezi akamkaribisha chai.

"Ahsante, sinywi," akasema haraka. "Nisije nikafunga mtihani wa watu."

Ndani kulikuwa na ubaridi na ukimya ambao sikuuzoea. Hakuna feni za ruta, hakuna anayeuliza kwa nini. Kwa muda maswali yalikuwa yananipita kama magari barabarani. Ikanibidi niyasome kimoyomoyo kwa ile sauti ya ubaoni, neno moja moja, ndipo yakaanza kutulia. Ile sehemu niliyokuwa naikimbia ikaja, swali baada ya swali. Swali la kwanza nililijibu nikiwa tayari nimenyanyuka kidogo kitini, kama nilivyozoeshwa. Msimamizi akanitazama. Nikakaa.

Nilipobonyeza kitufe cha mwisho, kompyuta ilifikiri kwa muda nilioona ni mrefu kuliko miezi yote ya kusoma. Kisha ikaandika kwamba nimefaulu.

Nilitoka nikawaambia. Mume wangu alinikumbatia mbele ya mama yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya kabla wala baada ya hapo. Mama mkwe alisubiri tumalize.

"Umepata ngapi?"

"Hawasemi maksi, mama. Wanasema tu umefaulu."

"Mtihani gani huo hauna maksi?" Akaichukua karatasi ya matokeo, akaigeuza nyuma, akaitazama kwenye mwanga. "Na umekuwa wa ngapi?"

"Nilikuwa peke yangu kwenye kile chumba."

"Basi umekuwa wa kwanza."

"Na wa mwisho," mume wangu akasema. Akapigwa kofi la begani, la mama.

Kazini walinikatia keki, bosi akatoa hotuba fupi, na wiki ileile nikapewa wateja wale ambao mitandao yao ilishawashinda wengine. Cheti kipo, kimetundikwa sebuleni. Mama mkwe alikaa nasi mpaka msimu wa kupanda viazi ulipokaribia, akafunga begi lake kwa furaha, tukamsindikiza stendi sote watatu, binti analia, na mimi nikitafuta sababu ya kufuta miwani ya jua.

Sasa shida iko Njombe. Amewatangazia kijiji kizima kwamba mkwe wake amefaulu mtihani wa mitandao ya dunia. Napigiwa simu na watu nisiowajua. Juzi alikuwa mzee mmoja, jirani yao, anapiga kwa simu ya mama mkwe, analalamika kwamba simu yake mwenyewe haishiki mtandao tangu juzi yake na angependa kujua nimeufanya nini.

"Shikamoo baba. Ule mtandao siuendeshi mimi."

"Marahaba. Lakini si umefaulu, mama?"

Nilianza kumweleza tofauti ya kampuni moja na nyingine, minara, masafa. Alinisikiliza kwa adabu kubwa, bila kuelewa hata kidogo. Nikakata tamaa. Nikamwambia, jaribu kuizima hiyo simu yako, halafu uiwashe.

Akaizima. Tukasubiri, nasikia kuku na upepo wa kule. Akaiwasha.

"Imeshika!" akapiga kelele.

Na nyuma yake, kwa sauti ya mwalimu mkuu, nikamsikia mama mkwe: "Si nilikwambia?"